Msamaha wa sola ubaki dukani, usihamie kwenye ritani

Wazo la kumpunguzia kodi mwenye nyumba aliyeweka sola juu ya paa lake halina maadui wengi. Mtetezi wa mazingira analipenda, mfanyabiashara wa paneli analipenda, na mbunge analipenda kwa sababu ni rahisi kulinadi mkutanoni. Hata Hazina ya Taifa, ambayo kwa kawaida hununa inaposikia neno msamaha, huweza kulivumilia ikiwa kiasi chenyewe si kikubwa. Ugomvi huanza mahali ambapo wasikilizaji wengi huwa wameshachoka: msamaha huo upitishwe wapi? Unaweza kupitishwa kwenye ritani, yaani mtu anunue mtambo kwa bei kamili, atunze risiti, kisha mwisho wa mwaka apunguziwe kodi ya mapato. Au unaweza kupitishwa bandarini na dukani, mtambo ukauzwa bila ushuru tangu mwanzo, na mnunuzi asijaze fomu yoyote. Hoja yangu ni kwamba kwa Kenya njia inayofaa ni hiyo ya pili. Ile ya kwanza, ambayo huvutia kwa kuwa Marekani na Afrika Kusini zimeitumia, ingewafikia watu ambao wangenunua sola hata bila msaada, na kuwaruka wale ambao kwao sola ndiyo taa ya pekee nyumbani.

Tuanze na Marekani, maana ndiko njia ya ritani ilikojaribiwa kwa muda mrefu. Sheria ya nishati iliyotiwa saini na Rais George W. Bush mwaka 2005 ilimruhusu mwenye nyumba kukata asilimia 30 ya gharama ya mtambo kutoka kwenye kodi yake, lakini isizidi dola 2,000. Kikomo hicho kiliondolewa kuanzia 2009. Mwaka 2022, baada ya kiwango kushuka kidogo, utawala wa Joe Biden ulikirudisha kwenye asilimia 30 na kuahidi kwamba kingedumu hadi 2032. Ahadi hiyo haikufika mbali: sheria aliyotia saini Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 ilifuta punguzo hilo kwa matumizi yoyote ya baada ya 31 Desemba 2025. Kubadilikabadilika huko ni somo nitakalolirudia. Lakini somo kubwa zaidi ni la mgawanyo. Wanauchumi Severin Borenstein na Lucas Davis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza rekodi za kodi na kugundua kuwa takriban asilimia 60 ya mapunguzo ya nishati safi yaliyotolewa kwa familia yalikwenda kwa moja ya tano ya Wamarekani wenye mapato ya juu zaidi, huku tatu ya tano ya chini wakigawana takriban asilimia 10. Hapakuwa na wizi wala upendeleo wa siri. Sheria ilisema punguzo linakatwa kwenye kodi unayodaiwa na halirudishwi kwa fedha taslimu. Asiyedaiwa kodi hakupata chochote mwaka huo, na aliyepanga nyumba hakuwa na paa la kuwekea paneli.

Afrika Kusini ilifuata njia hiyo hiyo kwa haraka zaidi, na kwa sababu iliyo karibu na yetu. Mwanzoni mwa 2023 mgao wa umeme ulikuwa umewachosha watu kiasi kwamba Waziri wa Fedha Enoch Godongwana, katika bajeti ya Februari, alitangaza punguzo la asilimia 25 ya bei ya paneli mpya, lisilozidi randi 15,000 kwa mtu. Lilihusu paneli zilizowashwa kati ya tarehe 1 Machi 2023 na mwisho wa Februari 2024, na lilikuwa na sharti la cheti cha fundi kinachothibitisha kuwa kazi imefanywa kwa viwango. Serikali ilitenga randi bilioni 4 kwa ajili ya watu binafsi na bilioni 5 kwa makampuni. Ukiusoma mpango huo kwa makini unakuta kasoro ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa gizani angeiona: punguzo lilikuwa la paneli peke yake. Betri haikuhesabiwa, inveta haikuhesabiwa. Sasa paneli bila betri itamsaidia nini mtu ambaye stima inakatika saa moja jioni? Tena mtambo uliounganishwa na gridi bila betri kwa kawaida hujizima gridi inapozima, hata jua liwe la utosi, ili usiwaue mafundi walioko kwenye nyaya. Hazina ya huko ilieleza kwamba shabaha ilikuwa kuongeza uzalishaji wa umeme, na kwa hesabu za gridi hilo lina mantiki. Kwa hesabu za mtu wa Soweto ambaye kipato chake hakifiki kiwango cha kutozwa kodi, mpango mzima ulimpita juu kama ndege ya abiria.

Turudi nyumbani. Nchini Marekani mwenye nyumba na mlipa kodi ya mapato mara nyingi ni mtu mmoja. Kenya ni kinyume. Mtu anayemiliki nyumba anayolala, bila landilodi wala benki, kwa kawaida yuko kijijini: ana boma lake Makueni, Siaya au Kwale, nyumba ya mabati au ya matofali aliyoijenga kidogo kidogo, na riziki yake ni shamba, mifugo au biashara ndogo. Hana hati ya mshahara wala makato ya PAYE. Anayekatwa PAYE kila mwezi anaishi Pipeline, Kasarani au Bamburi katika nyumba ya kupanga, na paa lililo juu yake ni la mtu mwingine. Mwenye paa hana PAYE, na mwenye PAYE hana paa. Ukipitisha msaada wa sola kwenye ritani, unawatafuta watu waliobaki katikati, wenye vyote viwili, na hao ni wachache kuliko tunavyodhani. Tunao mfano tayari. Sheria yetu ya kodi ya mapato humpunguzia mtu riba ya mkopo wa kununua nyumba, hadi shilingi 300,000 kwa mwaka, kiasi kilichopandishwa kuwa 360,000 mwishoni mwa 2024. Ni punguzo la heshima. Lakini Benki Kuu ilipohesabu mikopo ya nyumba kwa mwaka 2023 ilikuta akaunti takriban 30,000 tu, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilikuta familia milioni 12.1. Punguzo la sola kwa mwenye nyumba lingeishi katika mtaa huo huo.

Sensa hiyo hiyo ina takwimu nyingine ambayo ingepaswa kubandikwa ukutani katika ofisi za Wizara ya Fedha. Asilimia 50.4 ya familia zilikuwa zikitumia stima ya gridi kwa mwangaza, na asilimia 19.3 zilikuwa zikitumia sola. Karibu familia moja kati ya tano. Hizi si nyumba za Karen au Nyali zenye paneli ishirini juu ya vigae. Kwa sehemu kubwa ni nyumba zenye paneli moja ndogo, betri, taa tatu au nne, sehemu ya kuchajia simu na labda redio, zilizonunuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu. Biashara hiyo ya kulipia sola kwa simu ilikomaa hapa kuanzia 2012 kwa kuegemea M-Pesa, ambayo ilikuwa na miaka mitano tu wakati huo. Familia hizo hazikuombwa kujaza fomu yoyote ili zipate msamaha. Zilinunua kitu ambacho bei yake ilikuwa imeshapungua kabla hakijafika dukani.

Lakini historia ya msamaha huo ni ya kutia kizunguzungu. Sheria ya VAT ya 2013 iliiingiza sola kwenye ushuru, na mwaka uliofuata, baada ya malalamiko, Bunge likaitoa. Ikakaa nje hadi Aprili 2020, wakati sheria iliyopitishwa kwa haraka kwa ajili ya janga la korona ilipofuta misamaha mingi kwa mkupuo, wa sola ukiwemo. VAT ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 14 mwezi huo, kisha ikarudi asilimia 16 Januari 2021. Julai 2021 msamaha ukarejeshwa, safari hii kwa sharti la kupata mapendekezo ya waziri anayehusika na kawi. Kumbuka pia kwamba mwaka 2018 serikali ilikuwa imeweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ikisema inataka kuzuia wachanganyaji wa dizeli. Kwa hiyo kuanzia Aprili 2020 hadi Juni 2021 familia isiyo na stima ilitozwa ikiwasha koroboi na ikatozwa ikinunua sola ili iachane na koroboi. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa chini akapanga hivyo. Ndivyo inavyokuwa pale ushuru unapotungwa kwa kuangalia orodha za bidhaa bila kuangalia nyumba zinazozitumia.

Kuna jambo moja kuhusu VAT ambalo halizungumzwi vya kutosha katika mjadala huu, nalo kwangu ndilo kiini cha hoja. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT ikinunua mtambo wa sola na kulipa asilimia 16, huidai VAT hiyo kutoka kwa KRA, au huipunguza kwenye ile inayowatoza wateja wake. Kiwanda cha saruji, hoteli ya Diani, shamba la maua la Naivasha: wote hao, kwao VAT ya paneli ni fedha zinazotoka na kurudi, hata kama zinachelewa. Mama wa Kitui hana mahali pa kuidai. Wala shule ya msingi, wala zahanati inayotoa huduma zisizotozwa VAT. Maana yake ni kwamba ukiweka VAT kwenye sola, ujue mzigo wote unaishia kwa wasiosajiliwa, yaani nyumba za watu na taasisi ndogo. Wenye mitambo mikubwa hawaguswi sana. Chukua mfano wa hesabu tu: kifurushi cha taa kinachouzwa kwa shilingi 20,000, kinacholipiwa shilingi 50 kwa siku, huisha kulipwa baada ya siku 400. Ongeza asilimia 16 na bei inakuwa 23,200, siku zinakuwa 464. Mteja haoni neno ushuru popote. Anachoona ni kwamba baada ya mwaka na zaidi wa kutuma hamsini kila asubuhi, bado ana miezi miwili mbele yake, na akiruka siku moja taa zinajifunga.

Ndiyo maana nasema msamaha usiishie kwenye paneli kama ulivyoishia Afrika Kusini. Ingia katika duka lolote la Luthuli Avenue jijini Nairobi, mwambie muuzaji unataka mtambo wa nyumba, umtazame anavyopanga vitu juu ya kaunta. Paneli ndiyo inayoonekana kutoka barabarani, lakini siku hizi imekuwa rahisi kiasi kwamba mara nyingi betri ndiyo inayomeza fedha. Kisha kuna inveta, chaji kontrola, fremu za kufungia paneli juu ya mabati, waya nene za DC zenye ganda linalostahimili jua, viunganishi, breka, na waya wa ardhini ambao fundi asiye mwangalifu huuruka. Sheria iliyorejesha msamaha 2021 ilitaja kwa majina paneli, chaji kontrola, inveta na betri. Vilivyobaki vinategemea jinsi afisa wa forodha wa Mombasa au wa bandari kavu ya Embakasi atakavyoyasoma maneno “vifaa maalum”. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ni karimu kidogo, kwa kuwa inataja pia vipuri na vifaa vidogo vya kuambatana na mtambo. Sioni sababu ya VAT kuwa na orodha fupi kuliko ya forodha kwa mzigo ule ule uliomo katika kontena lile lile.

Kuna pia suala la aina ya msamaha, ambalo linaonekana la wahasibu lakini linaishia mfukoni mwa mnunuzi. Bidhaa iliyosamehewa VAT na bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia sifuri zinafanana kwenye risiti. Tofauti iko kwa muuzaji. Wa asilimia sifuri anaruhusiwa kudai VAT aliyolipa kwenye kodi ya duka, usafiri na huduma nyingine, wakati wa msamaha haruhusiwi, basi huipachika kwenye bei kimyakimya. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipopendekeza betri za sola na za lithiamu zihamishwe kutoka jedwali la sifuri hadi lile la msamaha, wengi waliona ni kupanga upya karatasi tu. Haikuwa hivyo. Nakubali kwamba kiwango cha sifuri kina ubaya wake: KRA hudaiwa marejesho na huyalipa kwa mwendo wa kinyonga, na penye madai ya marejesho hapakosi walaghai. Hata hivyo, kwa bidhaa chache zinazotambulika kwa urahisi kama hizi, naona ni bora kupambana na walaghai kuliko kuiacha bei ipande bila mtu yeyote kuwajibika.

Pingamizi la kwanza na la haki ni la Hazina. Nchi ina madeni, na kila msamaha ni shimo ambalo mtu mwingine atalifukia. Sina nia ya kulidharau. Tangu 2021 Wizara ya Fedha imekuwa ikichapisha ripoti ya mapato yanayopotea kwa misamaha ya kodi, na hapo ndipo sola inapopaswa kupimwa, ikiwa na mstari wake unaosomeka, ulinganishwe na misamaha mingine inayokwenda kwa watu wenye sauti kubwa zaidi. Lakini hesabu hiyo iwe kamili. Shilingi isiyokusanywa kwa kifurushi cha taa cha Turkana ilinganishwe na gharama ya kuvuta nguzo na nyaya hadi kwenye boma hilo, ambalo likishaunganishwa litatumia uniti chache kwa mwezi kwa bei nafuu ya walio chini ya uniti 30, na hivyo kuiongezea Kenya Power hasara. Serikali hulipa kwa njia moja au nyingine. Msamaha wa VAT ni njia ya bei rahisi zaidi ya kupeleka mwangaza pale ambapo waya hautafika karibuni. Na tofauti na mradi wa nguzo, hautangazi zabuni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitajifanya kuwa lina jibu jepesi. Wanasema: mkifanya sola iwe nafuu, wenye uwezo watahama gridi, na gharama za mitambo ya Olkaria, za nyaya na za mikataba ya wazalishaji zitabaki kwa wachache wasioweza kuhama. Pakistan imeonyesha kuwa hii si ndoto. Mwaka 2024 nchi hiyo iliagiza kutoka China paneli zenye uwezo wa takriban gigawati 17, watu wakikimbia bili zilizopanda mno, na gridi ikabaki na malipo ya mikataba na wateja wanaopungua. Mwaka 2025 serikali yao iliweka ushuru wa mauzo wa asilimia 10 kwa paneli zinazoagizwa, baada ya kuanza na pendekezo la 18. Kwetu pia uhamaji umeanza, lakini angalia ni nani wanaohama. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mtambo wa kilowati 600 juu ya mapaa yake tangu 2014. Baada yake vimefuata viwanda, maduka makubwa na mashamba ya maua. Ni walewale ambao, kama nilivyoeleza, wengi wao VAT haiwaumizi. Ukiirudisha VAT ili kuwazuia, utamkosa mlengwa na kumpiga jirani yake.

Dawa ya tatizo la gridi iko kwenye bei za gridi yenyewe. Mteja anayejizalishia mchana na kuitegemea Kenya Power usiku anatumia waya, transfoma na mtambo uliowekwa akiba kwa ajili yake, hata kama uniti anazonunua ni chache. Tozo isiyobadilika ya shilingi 150 kwa mwezi ilifutwa 2018 kwa sababu nzuri, kwa kuwa ilimuumiza mwenye taa mbili sawa na mwenye bwawa la kuogelea. Inaweza kurudi kwa namna nyingine, ikipimwa kwa ukubwa wa laini ya mteja, na mwenye matumizi madogo asiguswe kabisa. Sheria ya kawi ya 2019 ilifungua mlango wa mtu kuuzia gridi ziada yake, na kanuni zake zikatoka 2024. Hapo nako mdhibiti ana mkono wa kurekebisha, kwa kuamua mwenye paneli ahesabiwe kiasi gani kwa uniti anazozipeleka kwenye laini. Hizi ni zana zinazoweza kutofautisha mtambo wa kilowati 20 wa Runda na taa tatu za Marsabit. Ushuru wa bandarini hauwezi, kwa sababu paneli ikishuka kwenye kontena haina anwani.

Wapo wanaosema msamaha huishia kwa wauzaji. Baadhi ya wauzaji huubakiza mfukoni mwao, bila shaka. Lakini soko la sola lina wauzaji wengi na bei zake huulizwa kwa simu kutoka duka hadi duka, kwa hiyo aliyebana faida nyingi hupitwa. Hofu hiyo ina uzito zaidi kwa vifurushi vya mkopo, ambavyo mteja huambiwa malipo ya siku bila kuambiwa jumla. Hapo ningetaka sheria ya kulinda wateja imlazimishe muuzaji aandike bei ya fedha taslimu, jumla ya malipo yote na muda, kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma. Wengine wanasema tutafurika bidhaa duni. Nakubali, na naona msamaha ni nafasi ya kuzichuja: apewe msamaha anayeleta bidhaa zenye hati ya ubora inayotambuliwa na Shirika la Viwango, asiye nayo alipe ushuru kamili kama angeruhusiwa kuingiza mzigo hata kidogo. Afrika Kusini ililazimika kudai cheti cha kila nyumba. Sisi tungekagua kwenye milango michache ya nchi. Tena kuna Tanzania, ambako sheria ya VAT ya 2014 ilisamehe paneli, chaji kontrola, inveta, taa na betri za sola, katika nchi yenye VAT ya asilimia 18. Kenya ikitoza na Tanzania isitoze, mzigo utapita Namanga na Holili kwenye mabuti ya magari, bila hati yoyote ya ubora.

Ninachokitaka kuliko vyote, hata hivyo, ni utulivu. Kampuni inayouza kwa mkopo wa miezi kumi na minane hupanga bei leo kwa mzigo utakaofika baada ya miezi mitatu na kumaliza kulipwa miaka miwili baadaye. Sheria ikibadilika kila Juni, hujilinda kwa njia mbili: hupandisha bei mapema, au huacha kuagiza. Zote hulipwa na mnunuzi. Bunge haliwezi kulifunga Bunge lijalo, na yaliyotokea Washington 2025 yanathibitisha hilo. Lakini linaweza kuandika msamaha wenye tarehe ya mwisho inayojulikana, tuseme miaka kumi, na sharti kwamba ukifutwa kabla ya hapo wafanyabiashara wapewe notisi ya mwaka mzima ili mizigo iliyo baharini isinaswe. Mwaka 2020 hapakuwa na notisi ya maana.

Limebaki kundi moja ambalo msamaha wa dukani haulifikii, nao ni wapangaji wa mjini. Hapa, na hapa pekee, naona ritani inafaa. Tangu Januari 2024 landilodi anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba anayokusanya, bila kuruhusiwa kutoa gharama yoyote. Akiweka sola ya kupandisha maji kwenye tangi, ya taa za ngazi au ya kuchemshia maji ya kuoga, hapati nafuu hata ya senti moja kwenye kodi hiyo, na bili ya stima inayopungua si yake, ni ya wapangaji. Hana sababu ya kuhangaika. Tungemruhusu akate sehemu ya gharama hiyo kwenye asilimia 7.5 yake, kwa sharti kwamba anaonyesha risiti, cheti cha fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, na makubaliano ya maandishi na wapangaji kuhusu tozo ya maji na taa za pamoja. Kodi hiyo hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20, kwa hiyo punguzo lingeweza kugawanywa kwa miezi 36, na likasimamishwa mara tu wapangaji wanapoleta malalamiko yaliyothibitishwa kwamba ngazi zina giza na pampu haivuti.